Namna ya Kufuatilia Safari ya Jina la Tunda kati ya Lugha Jirani

Katika soko la Majengo mjini Dodoma, meza moja ya muuzaji inaweza kubeba maembe, mapapai, mapera, ubuyu, ukwaju, zabibu na, msimu wake ukifika, sada na furu zilizookotwa porini. Mnunuzi hulipa akaenda zake, lakini kwa mtu anayependa lugha meza ile ni kumbukumbu ya safari nyingi, kwa sababu matunda mengi yaliyopo pale yana majina yaliyopita katika vinywa vya watu wa lugha mbalimbali kabla ya kutua Ugogo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulifuata jina moja la tunda hadi lilikotoka, na jinsi ya kutambua lugha iliyokopesha na lugha iliyokopa. Nimeuandika kwa ajili ya walimu, wanafunzi na wapenzi wa lugha walioko Dodoma, Singida na wilaya za jirani. Kazi yenyewe haidai vyombo vya gharama. Inadai daftari, masikio na subira.

Tanzania ya kati ni mahali pa pekee kwa kazi hii. Ukitoka Dodoma mjini ukaelekea Chemba na Kondoa, kwa mwendo wa siku moja utakuwa umewapitia wasemaji wa Kigogo na Kirangi, ambazo ni lugha za Kibantu. Kiburunge na Kialagwa, ambazo ni za Kikushi. Kidatooga na Kimaasai, ambazo ni za Kiniloti. Na Kisandawe chenye konsonanti za vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi mdomoni, ambacho kwa muda mrefu kilihesabiwa pamoja na lugha za Khoisan za kusini mwa Afrika. Majirani hawa wa asili tofauti ni hazina kwa mtafiti. Neno likifanana kati ya Kigogo na Kirangi, inawezekana lugha zote mbili zililirithi kutoka kwa mama yao mmoja wa kale. Likifanana kati ya Kirangi na Kiburunge, urithi hauwezi kutoa maelezo, na unabaki kuchagua kati ya mkopo na sadfa.

Anza na mmea kabla ya neno

Chagua tunda moja tu, kisha hakikisha kwamba unaujua mmea wake kwa macho yako mwenyewe. Uone mti, jani, ua na tunda, na ukiweza upate jina lake la kisayansi, kwa sababu majina ya kienyeji huhama kutoka mmea mmoja hadi mwingine kwa wepesi mkubwa. Nasisitiza hatua hii kwa sababu niliwahi kuiruka. Katika kijiji kimoja cha Chamwino nilimwuliza bibi mmoja jina la mti uliokuwa nyuma ya nyumba yake, nao ulikuwa mpera. Alinyoosha mkono akasema, “Mpela.” Niliandika mara moja kwamba Kigogo kimelichukua neno la Kiswahili “mpera” na kuibadilisha r kuwa l, kama wasemaji wengi wa Kigogo wanavyofanya wanapotamka maneno ya kigeni. Niliporudi siku ya pili ndipo nilipotambua kwamba mkono wake ulikuwa umevuka mpera na kuelekezwa kwenye mbuyu mkubwa uliosimama shambani, kwa kuwa mpela kwa Kigogo ni mbuyu. Jina la kale kabisa la mti wa Ugogo nilikuwa nimeliandika kama mkopo wa jina la tunda lililovuka bahari.

Mfano huo unafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba sauti zinazofanana hazithibitishi chochote zikisimama peke yake. La pili ni kwamba kanuni ya sauti iliyo ya kweli, kama hiyo ya r kuwa l, inaweza kukupeleka kwenye jibu la uongo iwapo hukuthibitisha kwanza ni kitu gani kinachotajwa. Kwa hiyo chukua tunda mkononi unapokwenda kuuliza. Picha ya simu husaidia pale ambapo msimu umepita, lakini wazee wengi hulitambua tunda kwa harufu na kwa uzito wake, na mti kwa gome lake, mambo ambayo picha haiyaonyeshi.

Namna ya kuuliza

Ukifika kwa Wagogo, salamu ya “Mbukwa” hufungua mlango vizuri zaidi kuliko maelezo marefu ya utafiti, na mzee yeyote uanze naye kwa shikamoo ikiwa mnazungumza Kiswahili. Usilitaje jina la tunda kwa Kiswahili kabla hujalisikia jina lake la kienyeji. Mtu mwenye adabu akisikia mgeni anasema “papai” atarudia “papai” ili asimsahihishe mgeni, nawe utaondoka ukiamini kwamba lugha yake haina jina jingine. Weka tunda mbele yake, uliza watu wa hapa huliitaje, kisha nyamaza.

Baada ya jina la kwanza, endelea. Uliza jina la mti, la tunda moja, la matunda mengi, la tunda bichi na lililoiva, la unga au nyama ya ndani, na la mbegu. Majina haya hayasafiri pamoja. Kwa ubuyu, kwa mfano, nimewasikia watu wale wale wakisema mpela wanapouzungumzia mti uliopo kijijini, na wakisema ubuyu wanapozungumzia bidhaa inayopimwa kwa kopo na kuuzwa sokoni. Mti umebaki na jina la nyumbani, na biashara imeleta jina lake. Ukiuliza neno moja tu utaandika nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayoonyesha mkopo umeingilia mlango gani.

Andika pia umri wa msemaji, kijiji alichozaliwa, lugha nyingine anazozijua, na mahali alipoliona tunda hilo kwa mara ya kwanza. Swali hili la mwisho huzaa matunda kuliko yote. Mzee akikuambia kwamba mche wa kwanza ulitoka misheni, au ulinunuliwa kituo cha reli, au uliletwa na binti aliyeolewa Kilosa, amekupa njia ambayo huenda jina nalo liliipita.

Mmea ulitoka wapi?

Sasa tafuta nchi ya asili ya mmea wenyewe, kwa sababu historia ya mmea huweka mpaka ambao historia ya jina haiwezi kuuvuka. Nanasi, papai, pera, topetope na stafeli asili yake ni Amerika ya kitropiki. Mimea hiyo haikuwako katika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya mabaharia wa Ulaya kuunganisha bahari za dunia, na Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498. Kwa hiyo jina lolote linalofanana na “nanasi” katika lugha za Tanzania ya kati lina umri usiozidi miaka mia tano na ushei, wakati lugha za Kibantu zilikwisha kutengana maelfu ya miaka kabla ya hapo. Kigogo, Kirangi na Kiswahili haziwezi kuwa zilirithi jina la nanasi kutoka kwa mama mmoja. Lazima kila moja ililipokea kutoka mahali fulani. Jina lenyewe lilianzia kwa wasemaji wa lugha za jamii ya Kitupi huko Amerika ya Kusini, Wareno wakalichukua kwa umbo la “ananás”, na kutoka hapo likaenea Bara Hindi, Uarabuni na Afrika.

Embe lina njia nyingine. Mti huo ni wa Asia ya Kusini, na jina letu hulinganishwa na “amba” la lugha za kaskazini na magharibi mwa Bara Hindi, ambalo mzizi wake unaonekana katika Kisanskriti “āmra”. Waingereza husema “mango”, neno walilolipata kupitia Kireno “manga”, nalo lilitoka katika lugha za kusini mwa Bara Hindi, ambazo ni familia nyingine kabisa. Tunda ni lile lile, nchi ni ile ile, lakini wafanyabiashara walitia nanga katika bandari tofauti, na kila mmoja akaondoka na jina la bandari yake.

Bara, embe lilifuata misafara. Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ilitoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo, ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ikaendelea Tabora hadi Ujiji. Na miembe iliyopandwa kando ya njia hiyo bado inaonyesha ilikopita. Baadaye reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilipita Dodoma ikifuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo ule ule. Chora njia hizi katika ramani yako kabla hujaandika neno hata moja, kwa sababu majina mengi ya matunda ya kigeni yameingia lugha za Tanzania ya kati yakitokea mashariki, kwa mdomo wa wasemaji wa Kiswahili.

Alama za njia

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Neno lililokopwa hubeba alama za mahali lilikopita, kama mzigo unavyobeba mihuri ya vituo, na alama zenye nguvu zaidi ni zile ambazo mtu hawezi kuzieleza kwa tunda lenyewe.

Alama ninayoiamini kuliko zote ni maana iliyohama. Tazama pera. Kwa Kireno “pera” ni peasi, na tunda tunaloliita pera Wareno huliita “goiaba”. Mahali fulani katika biashara ya Bahari ya Hindi jina la peasi lilivishwa tunda jingine; Kimarathi cha magharibi mwa Bara Hindi nacho huliita tunda hilo hilo “peru”, jambo linaloonyesha kwamba mabadiliko hayo ni mali ya bahari nzima. Sasa angalia bara: Waganda husema “eppeera” na Wanyarwanda husema “ipera”, na wote wanalikusudia pera la kwetu. Lau lugha hizo zingelipokea jina hilo moja kwa moja kutoka kwa Wareno, zingeliita peasi kwa jina hilo. Kwa kuwa zimepokea jina pamoja na maana iliyohama, zinatuonyesha kwamba lilipitia pwani ya Waswahili. Lugha mbili zinapolingana katika jambo la kawaida, hazijathibitisha kitu. Zinapolingana katika jambo lisilo la kawaida, zimeshuhudia kwamba zilikutana.

Stafeli ni shahidi mwingine wa namna hiyo. Kihindi huita “sitaphal” tunda ambalo sisi huliita topetope, na sisi tumelipeleka jina hilo kwa ndugu yake mkubwa mwenye miiba laini na uchachu. Nalo tufaha limetoka katika Kiarabu “tuffah”, ambalo ni jina la tunda wauzaji wa Dodoma wanaloliita epo. Lakini Unguja ukiomba tufaa unaweza kupewa tunda jekundu lenye maji mengi la mti mwingine kabisa.

Kwa msomaji wa Dodoma, mfano ulio karibu zaidi ni zabibu, tunda la mashamba ya Hombolo, Makutupora na Bihawana. Kwa Kiarabu “zabib” ni zabibu zilizokaushwa. Zikiwa mbichi huitwa “inab”. Yaelekea watu wa pwani walizijua kwanza zikiwa kavu ndani ya magunia ya wafanyabiashara, na ndiyo sababu jina la tunda kavu lilichukua mahali pa tunda lote, hata leo inatubidi kusema “zabibu kavu” ili tueleweke. Kwa hiyo lugha yoyote ya Tanzania ya kati inayoliita tunda bichi, lililotoka shambani asubuhi hii, kwa neno linalofanana na “zabibu”, imelipata katika Kiswahili, hata kama kijiji hicho kina Waarabu wa miaka mingi. Usisahau pia kanisa. Wasomaji wengi wa Injili walikutana na “mzabibu wa kweli” wa Yohana 15 kabla hawajauona mzabibu kwa macho, na neno likaingia kijijini likiutangulia mmea wenyewe.

Alama ya pili ni kiambishi kilichoganda. Kiswahili huweka matunda mengi katika ngeli ya LI-YA na miti yake katika ngeli ya U-I: papai na mapapai, mpapai na mipapai. Jina la kigeni huingizwa katika utaratibu huo bila shida, na lugha nyingine za Kibantu hufanya vivyo hivyo kwa viambishi vyake, kiasi kwamba mkopo kati ya Kiswahili na Kigogo hauachi mshono wa kuonekana. Lugha isiyo ya Kibantu, kinyume chake, hukichukua kiambishi kama sehemu ya neno. Kijaluo cha Rorya, mkoani Mara, husema “maembe” hata kwa tunda moja, kwa sababu kililisikia neno katika wingi na hakikuwa na sababu ya kuiondoa ma-. Tafuta ma- au m- ya namna hiyo katika Kisandawe cha Kwa Mtoro, katika Kiburunge na katika Kidatooga. Ukiipata mahali ambapo sarufi ya lugha hiyo haiihitaji, mwelekeo wa mkopo umejulikana: neno limetoka upande wa Kibantu. Katika Kimaasai, angalia pia viambishi ol- na en- vinavyobeba jinsia ya nomino, kama ol- ya Oldupai, jina la mkonge wa porini. Neno la kigeni huvikwa kimoja kati ya viwili hivyo, nawe itakupasa ukivue kwanza ndipo ulilinganishe.

Hata kati ya lugha za Kibantu zenyewe kiambishi huzungumza mara nyingine. Waganda huliita tunda la embe “muyembe”, na Wanyarwanda “umwembe”, maumbo yanayofanana na mwembe, jina la mti. Mimi naona hapo mkono wa mtu aliyefika na mche au mbegu ya kupanda, akautaja mti, na jina la mti likatosha kwa vyote viwili.

Alama ya tatu ni sauti. Kiarabu hakina p, hivyo fenesi, ambalo Kisanskriti huliita “panasa”, linaonyesha kwa f yake kwamba huenda lilipitia kwa Waarabu kabla ya kutufikia. Ndimu nayo yaelekea ni “limu” ya Waajemi na Waarabu iliyovikwa n- ya ngeli ya I-ZI, kwa kanuni ile ile inayougeuza ulimi kuwa ndimi katika wingi. Na mti ukapewa jina la mdimu baada ya n- hiyo kuondolewa. Tengeneza jedwali dogo la sauti kwa kila lugha unayoichunguza, ukiandika sauti zilizomo na zisizomo, kisha uone kila neno la kigeni lilifanywa nini lilipoingia. Katika Kisandawe, neno lenye kidoko huwa ni la ndani kwa uwezekano mkubwa. Lisilo na kidoko laweza kuwa la ndani au la nje, na hapo urudi kwenye alama nyingine.

Kutenganisha mkopo na urithi

Matunda ya porini hudai tahadhari ya kinyume, maana hapo kishawishi ni kuona mkopo mahali palipo na undugu tu. Jina la mbuyu lina ndugu mbali sana na hapa: Watonga wa Zambia husema “mubuyu”, na Washona wa Zimbabwe, ambao wameidondosha b, husema “muuyu”. Hakuna msafara wa Waswahili uliowafundisha watu hao jina la mti uliokuwa uwanjani mwao siku zote. Kufanana kunakoenea mbali hivyo, huku kila lugha ikifuata kanuni zake za sauti, ni dalili ya urithi. Vivyo hivyo furu huitwa mfudu, mfuu, mfuru au mfulu kwa kutegemea mahali, na tofauti za d, r, l na irabu tupu isiyo na konsonanti mbele yake, kama katika mfuu, ni zile zile utakazozikuta katika mamia ya maneno mengine ya lugha hizo. Kabla hujasema kwamba Kigogo kimekopa jina la mti wa porini, linganisha angalau maneno kumi ya kawaida, kama majina ya viungo vya mwili, uone kama tofauti hizo hujirudia. Zikijirudia, liache jina hilo kwenye safu ya urithi.

Kumbuka pia kwamba Kiswahili nacho hukopa. Tunda ambalo kamusi huliita viru, wakazi wa Dodoma huliita sada hata wanapozungumza Kiswahili, na msada ndilo jina la mti huo kwa Wagogo na Wahehe. Mkopo huu umetoka kijijini kuelekea mjini, nao unastahili kuandikwa kwa uangalifu ule ule tunaoupa mkopo kutoka Kiarabu.

Kuandika ulichokipata

Andika ukurasa mmoja kwa kila tunda. Juu kabisa weka mmea na nchi yake ya asili, chini yake majina yote pamoja na kijiji na umri wa kila msemaji, kisha alama ulizozipata. Mwelekeo wa mkopo uutaje kwa uthabiti pale tu ambapo alama mbili za aina tofauti zinakubaliana, kwa mfano maana iliyohama pamoja na kiambishi kilichoganda. Palipo na alama moja, andika “yaelekea”. Palipo na mfanano peke yake, andika “yanafanana” na uishie hapo.

Kisha rudi kwa wale waliokupa majina, uwasomee ukurasa kwa sauti na uwaache wausahihishe. Panga ziara ya embe kati ya Novemba na Januari na ya ubuyu katika miezi ya kiangazi, ili tunda liwepo mkononi. Na ukipita Chamwino, simama chini ya mti wenyewe unapouliza jina lake.